Sadaka ya Maji ya Chumvi

Mkunazini, Mji Mkongwe,
Unguja.
Ijumaa, baada ya Alasiri

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute barazani kwetu Ujiji, upande wa kivuli, na chai yako ya tangawizi iko karibu. Mimi ni mzima, nakula, nalala, na nimenenepa kidogo, jambo ambalo shangazi atafurahi kulisikia. Mguu bado unakusumbua asubuhi? Na sikio je, lile zima bado ni zima? Kwenye simu hunisikii, unaitikia "ndiyo, ndiyo" hata nikikuuliza umekula nini, ndiyo maana nimerudi kwenye karatasi. Idi mdogo wangu, wewe unayesoma, kaa upande wake wa kushoto, soma polepole na kwa sauti, na usiruke mahali nitakapokusema.

Dagaa mliotuma walifika salama. Walipanda treni, wakapanda boti, wakafika na harufu yao yote. Mfuko ulipofunguliwa jikoni, wageni wawili waliokuwa wakinywa kahawa ukumbini walichukua vikombe vyao wakahamia juu. Lakini Bi Zuwena alionja mmoja, akaonja wa pili, akasema, "Hawa chumvi hawana, lakini adabu wanayo." Kwa huyu bibi hiyo ni sifa kubwa.

Huyo Bi Zuwena nilikutajia juu juu tu barua iliyopita. Leo nimweleze vizuri, maana habari yote ni yake. Ndiye mama mwenye nyumba hii ninayofanyia kazi. Mwanawe, Kassim, amezigeuza ghorofa za juu kuwa nyumba ya wageni, na mama anakaa chini. Mumewe, marehemu Bwana Masoud, alifariki kabla sijafika. Aliacha ukumbini tangi la kioo lenye urefu kama benchi letu la barazani, na ndani yake alikuwa amefuga kipande cha bahari: matumbawe ya rangi rangi, kiumbe mmoja laini mwenye vidole vingi vinavyochezacheza, na samaki wadogo wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe wanaolala katikati ya vidole hivyo. Kassim aliposikia kuna mwanamke wa Kigoma aliyekulia kwenye matangi ya baba yake ya samaki wa mapambo, akaniita. Nilimwambia mapema kwamba ziwa letu halina chumvi. Akasema maji ni maji. Sasa anajua kuwa si hivyo, na mimi pia najua.

Baba, kwetu kazi ilikuwa nyepesi. Maji yakipungua, unaongeza, yakichafuka, unabadilisha. Huku kuna jambo moja zaidi ambalo halionekani kwa macho. Maji yakikauka kwa joto, chumvi haiondoki nayo, inabaki ndani. Kwa hiyo kila siku ninaongeza maji matamu kidogo kufidia yaliyokauka, mpaka kwenye alama niliyobandika kwenye kioo, basi. Maji ya bahari yenyewe tunayateka Mangapwani, kaskazini ya mji, kwa madumu, kwa sababu ya hapa karibu na bandari siyaamini. Nina pia kipimo kidogo cha kuchungulia: unatia tone la maji kwenye kioo chake, unakielekeza kwenye mwanga, unasoma. Bahari ya huku husoma thelathini na tano. Tangi nalo linatakiwa lisome hivyo hivyo.

Basi wakati wa masika, matumbawe yakaanza kujikunja. Yale yaliyokuwa yakifunguka asubuhi kama mtu anayenyoosha mikono yakabaki yamefumba mchana kutwa. Yule mwenye vidole akawa mdogo kama ngumi ya mtoto. Nikachungulia kipimo, nikaona ishirini na nane. Nikakikasirikia kipimo kwanza, unanijua. Nikakiosha, nikakijaribu kwa maji matamu, kikasoma sifuri kama inavyopasa. Kumbe kizima. Nikayashuku maji ya Mangapwani, maana mvua kubwa ikinyesha maji matamu huelea juu ya bahari, na mtu akiteka ya juu atateka mvua. Nikapima madumu yote tuliyoyaweka akiba. Yalikuwa sawasawa. Basi chumvi inakwenda wapi, na nyumbani hamna mwizi wa chumvi?

Paka ndiye aliyenionyesha. Bwana Masoud alitoboa tundu pembeni mwa tangi, karibu na ukingo, akatia bomba jembamba linalotoka nje hadi kichochoroni, ili maji yakizidi yasimwagike kwenye mazulia. Asubuhi moja nafungua mlango, namkuta paka wa jirani anakwepa matone. Bomba linadondoka, na mimi sijagusa tangi tangu jana. Kesho yake nikaamka mapema, nikakaa ngazini.

Watu walipotoka kuswali Alfajiri, Bi Zuwena akaja na bakuli la udongo limejaa maji ya mtungi. Akasimama mbele ya kioo, akapiga bismillahi, akayamimina taratibu pembeni, kwa namna asiwashtue samaki. Akasema, "Kunyweni, wanangu. Thawabu zake zimfikie Masoud." Kisha akakaa kwenye kiti chake akawatazama.

Hapo nikaelewa yote. Huku, kama kwetu, mtu akimkumbuka maiti wake hutoa sadaka ya maji. Wengine huchimba kisima, wengine huweka mtungi nje ya mlango. Yeye alikuwa na viumbe hawa wa mumewe, na kila siku akiona maji yameshuka kidogo moyo ulikuwa unamuuma. Mimi najaza jioni mpaka kwenye alama, yeye anamimina bakuli lake asubuhi juu ya maji yangu, yanayozidi yanatoka kwenye tundu. Na yanayotoka yana chumvi, yanayoingia hayana. Kidogo kidogo mama wa watu alikuwa anaifukuza bahari yote kichochoroni.

Nikashuka, nikamwamkia. Akasema, "Marahaba, mwanangu. Nnawapa maji hawa. Joto hili limezidi, na wewe nnaona unawabania." Nikasema naam, nikaenda jikoni kuchemsha maji ya chai ambayo hakuna aliyeyaomba.

Nilimwambia Kassim peke yake. Hakumlaumu mama yake, ila uso ulimbadilika, kwa sababu hitma ya mwaka ya baba yake ilikuwa inakaribia na ndugu zake walikuwa wanakuja kutoka Maskati. Wote wamekuwa wakiulizia tangi la baba. Akatoka, akarudi na kiroba cha chumvi begani. "Tia, Bi Ramla, tuyamalize leo hii," akasema. Nikamwambia chumvi ya dukani imetiwa madini joto kwa ajili yetu wanadamu, si ya matumbawe. Akarudi tena jioni na nyingine, aliyoipata kwa mtu anayefuga samaki kama hawa, chumvi yenyewe hasa ya kazi hii. Nikakosa sababu ya kukataa.

Nakuambia ukweli, Baba, nilitaka kuitia. Wewe unanijua mimi ndiye niliyekuwa nikiupakua ugali haujaiva ili tule twende. Nilikuwa nimeshakunja mikono ya dera, upawa umejaa chumvi, nimesimama juu ya tangi. Nikamwona yule samaki mdogo wa mistari amejibana kwenye vidole vilivyosinyaa, ananitazama. Nikakukumbuka wewe na tenga lako.

Idi hakuona, alikuwa bado mtoto. Lakini mimi naukumbuka vizuri ule wakati ulipokuwa ukizamia kuwakamata samaki wa chini kabisa, wale wenye bei. Hukuwapandisha hata siku moja kwa mara moja. Uliwatia kwenye tenga la wavu, ukalifunga kamba na boya, ukalipandisha pima chache, ukaliacha hapo mpaka kesho. Kesho pima chache tena. Mimi nikiwa kwenye mtumbwi nikilia kwamba nataka kuwaona. Ukaniambia samaki akipandishwa haraka tumbo lake linafura na anafika juu ameshaharibika, na kwamba yeye hana haraka, mwenye haraka ni mimi. Wewe mwenyewe ulipanda haraka mara moja tu, siku hewa ilipokuishia, na sikio lako likabaki kule chini.

Nikaurudisha upawa kwenye mfuko. Nikamwambia Kassim kwamba wale viumbe wameshuka na chumvi polepole, na watapanda nayo polepole. Miili yao imejaa maji yale yale wanamoishi, ukiyabadilisha kwa ghafla unawabadilisha na wao. Akauliza, "Itachukua muda gani?" Nikamjibu, "Muda wake." Akanitazama kwa hasira, kisha akacheka bila kupenda. "Hivo hivo ndivo angenijibu baba," akasema, "na mimi ningekasirika hivi hivi."

Dawa yenyewe ilikuwa nyepesi sana. Niache kuongeza maji matamu. Tangi likikauka kidogo kwa joto la siku, nifidie kwa maji ya bahari, yaliyokaa ndani mpaka yakapata joto lile lile, nimimine kidogo kidogo mahali penye mkondo, kisha nipime. Kesho tena hivyo hivyo. Chumvi inapanda bila mwenyewe kushtuka. Lililokuwa zito ni kumwambia Bi Zuwena.

Nilimkuta anachagua mchele. Nikakaa, nikaingiza mkono kwenye ungo, nikaanza kuchagua na mimi, maana hapa huwezi kusema na mtu jambo zito huku umesimama. Nikamweleza taratibu, habari ya tundu, bomba na paka, na ya wewe Baba na tenga lako. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Basi mimi ndiye nilokuwa nnawaua?"

Nikasema, "Hawajafa, Bi. Wamechoka tu. Na bakuli lako usiliache. Endelea kuwapa kila siku, ila nitakujazia mimi, maji ya bahari."

Mkono wake ukasimama kwenye mchele. "Ati nimpelekee Masoud sadaka ya maji ya chumvi? Mwanangu, mtu ana kiu, ukampa maji ya chumvi, ile sadaka au ugomvi?"

"Hayo ndiyo maji yao, Bi. Kila mnyama na chakula chake. Mbuzi humpi biriani."

"Mbuzi wa Unguja hujamjua wewe. Biriani atakula na sufuria ataramba." Tulicheka wote wawili. Lakini alipoinuka alilichukua lile bakuli la udongo, akalifuta kwa kanga, akalifudikiza juu ya kabati. Tangu hapo hakuja tena ukumbini.

Baba, zile zilikuwa siku mbaya. Tangi lilikuwa linapona. Kipimo kilipanda kidogo, kikapumzika, kikapanda tena kidogo. Tumbawe la kijani lililo karibu na kioo likaanza kuchungulia nje. Na mimi sikufurahi hata chembe, kwa sababu kiti kilikuwa kitupu. Bi Zuwena alikunywa chai yake chumbani, akaswali chumbani, nikimwuliza hali anasema "Alhamdulillahi" na mlango unarudi. Nilijiona nimewaokoa samaki wa mumewe na kumpokonya mume mwenyewe. Kassim naye aliona. Aliniambia, "Mama hata kunigombeza kaacha."

Madumu yakakaribia kwisha. Tukangoja bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, na tukangoja mvua ipite siku mbili tatu ili bahari itulie, kisha tukajitayarisha kwenda Mangapwani. Asubuhi Kassim anawasha gari, Bi Zuwena huyo mlangoni, amevaa buibui, bakuli kwapani. "Nnakwenda na nyinyi," akasema, akafungua mlango wa mbele na kukaa mahali pangu. Mimi nikapanda nyuma na madumu.

Tulipofika ufukweni akavua viatu, akanishika bega, tukashuka kwenye mawe. Akasema, "Masoud akirudi huku suruali imerowa mpaka magotini, na mimi nikimgombeza. Miaka yote ile sijapata kuja kuona anafanya nini." Akaingia majini mpaka vifundoni, akachota kwa kiganja, akaonja, akatema. "Kali," akasema.

Kati ya mawe palikuwa na dimbwi lililoachwa na maji, safi, linaonekana mpaka chini. Ndani yake mlikuwa na samaki wadogo wenye mistari wakipitana, wanene, wana furaha zao. Akainama akawatazama kwa muda mrefu sana. Mimi unanijua, madumu yananingoja na maji yanageuka, lakini nilimngoja.

"Hawa hawana kiu?" akauliza.

"Hawana, Bi."

"Wala hakuna anayewatilia maji."

"Hakuna."

Akafikiri. Kisha akasema, si kwangu hasa, "Basi mimi nnampelekea maji ya mtungini, na yeye miaka yote alikuwa akija kuchukua haya."

Akanyoosha mkono kwa Kassim apewe dumu. Kassim akataka kulizamisha lijae kwa mara moja, kama tunavyofanya siku zote. Akamkataza. Akakaa juu ya jiwe, akalijaza dumu lile kwa bakuli, bakuli baada ya bakuli, kila moja na bismillahi yake. Jua likapanda, Kassim akapiga miayo, na mimi nikashika mdomo wa dumu lisianguke. Ungekuwepo ungeniona nilivyotulia, usingeamini kuwa ni yule yule wa ugali mbichi.

Kuanzia kesho yake akarudi kwenye kiti chake. Nampimia maji kutoka kwenye lile dumu lake, hakubali lingine, naye anamimina. "Ya kwao," anasema, kisha anamtaja Masoud. Nachungulia kipimo mbele yake na yeye anataka kuchungulia, anafumba jicho silo, anasema haoni kitu, lakini kimepanda. Siku ya hitma wasomaji walipokaa ukumbini, yule mwenye vidole alikuwa amejitandaza kama kitambaa cha kofia kilichofumwa, na samaki wake wamelala katikati. Wajukuu wa Maskati walibandika pua zao kwenye kioo mpaka kikawa cheupe. Dua ilipokwisha, Bi Zuwena alinitafuta kwa macho kati ya wanawake wote, akaninyooshea kikombe cha kahawa cha kwanza. Nilifurahi, Baba, mpaka nikaona haya.

Sasa sikiliza kilichofuata. Wiki hii kipimo kimefika pale pale panapotakiwa, thelathini na tano. Maana yake maji ya bahari basi, yakiendelea chumvi itapita kiasi. Tangi likikauka sasa lifidiwe kwa maji matamu, kama mwanzo. Nilikesha na wazo hilo. Nitamwambiaje yule bibi, nilivyomsumbua vile?

Jana asubuhi nikamwambia, "Bi, leo maji matamu."

Akaniangalia juu mpaka chini. "Wewe mwana, juzi matamu yanaua, leo matamu dawa?"

"Yalikuwa yakizidi, Bi. Chumvi imesharudi yote. Kinachopungua sasa ni maji tu, na anayeyajua maji matamu humu ndani ni wewe."

"Kiasi gani?"

Nikamwonyesha alama kwenye kioo. "Mpaka hapa. Hapa usipite."

Akainuka akaenda ndani. Akarudi na bakuli lake la udongo lina maji ya mtungi, na mkono wa pili ameshika kikombe kidogo cha kahawa, nacho kimejaa. Akamimina bakuli polepole. "Ya Masoud," akasema, na akasimamisha mkono maji yakiwa chini kidogo ya alama. Kisha akanigeukia.

"Yule baba yako alokufundisha kwenda taratibu, jina lake nani?"

"Mzee Juma."

"Yuhai?"

"Yuhai, Bi. Ila sikio moja halisikii."

Akapiga bismillahi, akakimimina kile kikombe, na maji yakafika kwenye alama barabara. "Na hii ya Mzee Juma wa Ujiji," akasema. "Mungu amhifadhie lilobakia."

Leo amefanya tena vile vile. Mimi nimesimama nyuma yake, nimelia kidogo, si kwa huzuni.

Naishia hapa maana karatasi inanifikisha ukingoni. Msalimie shangazi, mwambie dagaa wa safari ijayo awafunge mara mbili kwa ajili ya wasafiri wenzao. Msalimie mjomba fundi wa injini na wifi yangu mvumilivu, mke wa Idi. Wewe Idi nakusalimu mwisho kwa kuwa najua hapa umeanza kusoma haraka ili umalize. Majirani wote, na mama muuza mawese wa kona, waambie Ramla yupo na anawakumbuka.

Bi Zuwena naye anakusalimu sana, na ameniagiza nikuulize swali: sikio linaendeleaje, na je, kikombe kinatosha au aongeze? Mimi nimemwambia kinatosha. Tafadhali Baba, ukijibu, sema kinatosha, hata kama hakitoshi.

Mwanao akupendaye,
Ramla